Fulana ya INDA Haikubuniwa na Sabuni

Ndugu wasomaji, kabla sijaanza mnisamehe mwandiko. Mkono wangu huenda polepole kama wa mtu anayechambua mchele wenye mawe, na shule niliishia ya msingi. Mkikuta r mahali pa l, badilisheni wenyewe; huku kwetu herufi hizo mbili hupokezana zamu. Ila maneno yenyewe msiyabadilishe. Nimekaa nayo miaka mingi, na kila moja nimeliweka hapa kwa makusudi.

Kilichoniamsha ni harufu. Juzi nilitoka Muyinga kwenda Gitega kumwona mama mdogo, na nikiwa napita karibu na soko nikaisikia: harufu ya rangi ya kuchapia fulana inapopigwa pasi ya mkaa, kama mpira ulioungua ukamwagiwa mafuta ya taa. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni. Miguu ilifuata pua, ikaniingiza katika chumba ambacho vijana wa mji wamekodi na kukijaza vitu vya rap yao ya zamani. Kulikuwa na kofia zilizopauka, mabango ya karatasi yaliyoliwa na mende, kadi za simu zilizowahi kubeba nyimbo, na mnyororo wa baiskeli uliotundikwa msumarini kama rozari. Pembeni, kijana mmoja alikuwa anachapa fulana mpya kwa kufuata ile ya zamani iliyobandikwa ukutani. Fulana nyeusi, kubwa, herufi nne nyeupe kifuani: INDA.

Kijana akaniona nimesimama. Alikuwa na adabu.

"Karibu, dada. Hii ndiyo iko fulana ya wamama," akasema. "Sabuni mwenyewe aliibuni, juu ya kuheshimu wamama wenye mimba. Iko historia kubwa sana. Mwezi ujao tutamfanyia sherehe hapa, tutamvisha taji."

Nikasema, "Asante."

Ndilo neno pekee nililotoa. Mimi ni mtu wa aibu tangu kuzaliwa, maneno yangu hufika baada ya watu kuondoka. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani, na katika basi njia nzima mpaka Muyinga nikawa namjibu kijana yule kimoyomoyo. Nilimjibu vizuri sana. Sasa nataka kumjibu kwa wino, yeye na ninyi nyote mnaonunua fulana hizo mpya. Aliyeibuni si Sabuni. Ni mama yangu, muuza ndagala, yaani dagaa, katika soko la Muyinga, na aliibuni dhidi ya Sabuni.

Kwanza niwaeleze Sabuni alikuwa nani wakati ule. Gitega kulikuwa na kundi lililojiita Mafiga, kwa sababu walikuwa watatu kama mawe ya jikoni. Lakini chungu chote kilikaa juu ya jiwe moja. Wale wawili kazi yao ilikuwa kuitikia "ee" na "kweli", na Sabuni ndiye aliyesema. Alijiita hivyo kwa sababu kila aliyeshindana naye alimfua na kumwanika. Shingoni alivaa mnyororo wa baiskeli aliousugua kwa petroli mpaka ukang'aa, na jua likiwaka mnyororo ule ulimwachia duara jeusi shingoni kama chini ya sufuria. Sisi watoto tuliliona duara hilo na kulionea wivu.

Siwezi kudanganya, niliwapenda. Mama mdogo alikuwa mshonaji mtaa wa Shatanya, na likizo kubwa nilipelekwa kwake nimsaidie kukata nyuzi. Mafiga walifanya mazoezi katika ua wa nyuma. Cherehani ya mama mdogo ilikwenda taka-taka-taka, wao wakapiga ndoo na vifuniko vya sufuria, na mara nyingine vitu hivyo viwili vikakutana, hata mama mdogo akawa anakanyaga kwa mdundo wao bila kujijua na mshono unakwenda upogo. Ukutani vijana walichora majina yao kwa mkaa. Mwenye simu yenye kadi iliyojaa nyimbo alitembea na kundi la watoto nyuma yake kama kuku mwenye vifaranga. Nikikumbuka mchana ule, vumbi jekundu, harufu ya mkaa wa pasi na mahindi ya kuchoma, nakubali kwamba Gitega ilikuwa na kitu. Ndiyo maana imeniuma zaidi.

Sasa mnielewe hali yetu. Sisi tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania. Bibi yangu alikimbilia huko akiwa na mimba ya mama; mama akazaliwa huko, akakulia huko, akaolewa huko, akanizaa huko. Tuliporudi nilikuwa na Kiswahili kingi na Kirundi kidogo. Kirundi ni lugha ya kupandisha na kushusha sauti, na asiyezaliwa ndani yake huipanda kama ngazi gizani. Wenzangu shuleni Muyinga waliniita "Mutanzaniya" na kuiga ninavyosema. Nikaamua kunyamaza. Mwalimu akamwambia mama kwamba nina adabu sana.

Lakini kichwani sikunyamaza. Nilikuwa natunga. Likizo ile, nikikata nyuzi na kusikiliza Mafiga, nilitunga mistari minne kuhusu bibi, na nikairudia chini ya mdundo wa cherehani mpaka ikawa laini kama jiwe la mtoni. Hii hapa:

Bibi alivuka mpaka, mkononi sufuria,
Askari kahesabu mmoja, njia akamwachia,
Hakujua ni wawili, wa pili kajifichia,
Mama yuko mu nda, kimya, anasikilizia.

Mu nda ni Kirundi, maana yake tumboni; tumbo lenyewe ni inda. Ningesema "tumboni" tu, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilitaka kuwaonyesha watu wa Gitega kwamba na mimi Kirundi ninacho. Nilitia neno moja, kama mtu anavyotia chumvi kwenye mboga ya mwenyeji.

Jumapili moja baada ya misa Mafiga walifanya tamasha katika kiwanja, na desturi yao ilikuwa kuwapandisha watoto kwanza ili watu wachangamke. Sijui nilipandaje. Nakumbuka miguu yangu ikiwa kwenye mbao na magoti yakiwa bado chini na watu. Sabuni aliinama, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Muyinga. Mama yako anafanya nini? Anauza ndagala. Watu wakacheka kidogo, kicheko kizuri, cha kumkaribisha mtoto. Kisha akanipa maikrofoni, nzito na yenye joto la mkono wake, nikasema mistari yangu.

Mistari mitatu ilikwenda. Niliona vichwa vinaitikia. Kwenye wa nne vichwa vilisimama, kama pale sahani inapoteleza na bado haijafika chini. Halafu kiwanja kizima kikapasuka.

Neno lile, ndugu zangu, lina nyuso mbili. Ukilitamka hivi ni tumbo. Sauti ikipanda pasipotakiwa, ni chawa. Mimi nilikuwa nimesema mbele ya Gitega yote kwamba mama yangu alivuka mpaka akiwa ndani ya chawa wa bibi.

Sabuni hakuniacha nishuke. Alinishika bega.

"We katoto," akasema, "nyanya yako alificha mama yako mu chawa? Wote? Walikuwa wangapi hao chawa, kilo ngapi?" Akangoja kicheko kiishe, alijua kungoja. "Basi leo umefika. Mi niko Sabuni. Sabuni na chawa, nani anakimbiaka nani?"

Wale wawili wakaitikia: "Ee! Kweli!"

Mama mdogo alinipokea chini akanifunika kwa kitenge chake kana kwamba nimenyeshewa mvua. 

Kama ingeishia hapo, ningesahau. Mtoto huchekwa na kukua. Lakini Sabuni aliona kicheko kile kina faida, akakitengenezea wimbo. Aliuita "Inda", kwa sauti ile ya chawa. Ndani yake kulikuwa na katoto ka Muyinga, na mama wa ndagala, na Watanzania waliorudi na mizigo inayotembea yenyewe. Kiitikio kilikuwa hivi: yeye anauliza, "Inda iko wapi?" na watu wanajibu, "Kichwani!" huku wanajikuna. Ulikuwa mdundo mtamu, hilo ndilo jambo baya. Hata mimi mguu wangu ulikuwa unaupiga kabla sijauzuia.

Likizo ilipokwisha nikarudi Muyinga, na wimbo ulikuwa umeshafika, umepanda kwenye simu za madereva na makondakta. Sokoni wauza ndagala walikuwa wachache, na aliyerudi kutoka Tanzania akiwa na binti mdogo alikuwa mmoja. Watu hawakuhitaji kuambiwa. Walianza kumwita Mama Inda. Vijana walikuja mezani kwake, wakachota ndagala kiganjani, wakawatazama kwa makini mmoja mmoja, wakauliza, "Mama, hawa wote ni samaki?" Wakajikuna, wakaondoka. Kwa mavazi au kwa vyombo, utani huo ungepita. Kwa chakula haupiti. Wateja waliokuja bila utani walipungua pia, kwa sababu mtu akishasikia neno chawa hawezi kulitoa kwenye sufuria. Jioni mama alirudi na kapu likiwa karibu kama lilivyotoka, na nyumba yetu ikanuka ndagala ambao hawakuliwa na mtu.

Mama alikuwa na mimba kubwa wakati ule. Hakunigombeza hata mara moja, na hilo lilinichoma kuliko fimbo. Kitu kibaya zaidi ni kwamba alianza kuimba kwa mdomo uliofungwa. Alfajiri akichagua ndagala, mm-mm, mm. Akiosha vyombo, mm, mm-mm. Nilikuwa nalala nimeziba masikio. Niliamini ni wimbo wa Sabuni umemwingia kama ulivyoniingia mimi, na nilimchukia kwa kuubeba mpaka ndani ya nyumba. Siku moja nikamwambia, "Mama, usiimbe hiyo." Akanitazama kidogo, akasema, "Siimbi." Kisha akaendelea.

Mimi kisasi changu nilikipanga peke yangu. Tulisikia Mafiga wanakuja Muyinga kupiga juu ya lori, siku ya soko. Nikaamua kwamba Sabuni atapata alichokiimba. Jirani yetu alikuwa na watoto wengi na vichwa vyao vilikuwa shamba zuri. Niliwaambia nitawasuka, na kila jioni nikawa navuna, naweka kwenye kiberiti. Nilitaka nisogee karibu na lori, nimwage kwenye kofia yake anapoivua kupangusa jasho, maana alikuwa na tabia hiyo. Nililala na kiberiti kile chini ya mkeka kama mtu mwenye dhahabu. Nilikuwa naota Sabuni anajikuna mbele ya watu mpaka damu, na sikuwa naamka kwa hofu. Nilikuwa naamka kwa njaa nzuri.

Kabla ya siku yenyewe zilikuja fulana. Mafiga walikuwa wamechapisha fulana za wimbo wao ili ziuzwe kila wanakokwenda, na Muyinga ziliwekwa katika duka la Bwana Akbar, mwenye vitambaa, mzee wa asili ya Kihindi aliyezungumza Kirundi kuliko mimi. Alitusimulia jinsi walivyotaka kuchora chawa chini ya neno, na mchoraji wa Gitega akachora kitu ambacho kila aliyekiona alisema ni kobe. Basi wakafuta mchoro, wakaacha herufi nne peke yake. Nawaomba mlishike hilo. Kama mchoraji yule angejua kuchora chawa, historia yote ingekuwa nyingine.

Tena fulana zilizokuja katika robota zilikuwa kubwa mno. Ndogo chache zilikwenda kwa vijana mara moja. Zile pana zilibaki zinaning'inia mlangoni kama mapazia, na Bwana Akbar akawa analalamika kwamba Gitega wamemletea nguo za tembo.

Mama akarudi nyumbani na moja.

Aliikunjua kitandani, akailainisha kwa kiganja. Nikaanza kulia. Nikamuuliza kwa nini amenunua tusi letu na kulileta ndani.

"Hebu soma," akasema.

"Siwezi."

"Soma, we si mwanafunzi?"

"Imeandikwa chawa, mama."

"Nani kakwambia? Mimi nimesoma, imeandikwa tumbo."

Nikafikiri amepata wazimu wa mimba, maana nilikuwa nimesikia upo.

Siku ya soko ikafika. Jua lilikuwa kali, lori limeegeshwa kwenye kiwanja, spika mbili kubwa juu, na watu wamejaa mpaka kwenye kuta. Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji karibu na gurudumu, kiberiti mkononi. Nilikifungua kidogo kuangalia jeshi langu. Wote walikuwa wamekufa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba chawa asiye na kichwa cha kukalia hafiki mbali. Nilikaa pale na kiberiti cha maiti, na Sabuni amepanda jukwaani na mnyororo wake, na nikaona kwamba duniani hakuna haki.

Ndipo nikamwona mama. Alikuwa anapita katikati ya watu, na watu walikuwa wanampisha kwa sababu tumbo lilitangulia. Alikuwa amevaa fulana ile juu ya kitenge. Kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa pazia. Kwake ilikaa sawasawa, imevutika, na herufi zile nne zilikuwa zimezunguka juu ya mtoto kama zimechongwa kwa ajili yake. Nyuma yake wakaja wauza soko wenzake, na Mama Konsolata muuza pilipili, mwanamke mzee mwenye ulimi wa kazi yake. Wakasimama mbele kabisa. Nilitamani pipa linimeze.

Mdundo ukaanza. Vijana wakapiga yowe. Sabuni akanyoosha maikrofoni kwa watu.

"Inda iko wapi?"

"Kichwani!"

"Sisikii, Muyinga. Inda iko wapi?"

Mama akapiga tumbo lake kwa kiganja, pah, akasema, "Inda? Iko hapa."

Neno lenyewe alilitanguliza. Na sauti ilikaa mahali pake. Sikuamini. Mama yangu, aliyekuwa anaomba chumvi kwa Kirundi na kupewa kitu kingine, alilitamka kama mtu aliyezaliwa juu ya kilima cha Itaba na hajawahi kutoka.

Waliokuwa karibu wakageuka. Wakasoma fulana, wakaliona tumbo, na nikakiona kicheko kinatembea kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu wa nyuma walilazimika kuelezwa. Sabuni hakuelewa upesi. Akauliza tena, na safari hii wauza soko wote wakajibu kwa pamoja, "Iko hapa!" wakajipiga matumbo. Wenye mimba wakajipiga, wazee wakajipiga, na kuna fundi baiskeli mmoja mwenye tumbo la bia akalishika kwa mikono miwili akalionyesha kushoto na kulia.

Sabuni akavua kofia, akapangusa jasho. Akamwona mama.

"We mama," akasema kwenye maikrofoni, "hapa ni show. Enda kliniki."

"Ndiko natoka," mama akajibu. Hakupaza sauti, kiwanja ndicho kilichonyamaza. "Wamesema mtoto yuko mzima. Na wewe, baba, mama yako alikubeba wapi? Kichwani?"

Sijasikia tena kelele kama ile. Mama Konsolata alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akawa anapiga ardhi. Mmoja wa wale wawili wa Mafiga, kwa mazoea, akaitikia, "Kweli!" na hapo ndipo Sabuni alipopotea. Alijaribu kuanza upya, lakini kila akisema neno lile watu wanajipiga tumbo. Akaomba wimbo mwingine. Wimbo mwingine nao haukushika. Mnyororo ulikuwa umemchora shingo kwa jasho, na kwa mara ya kwanza lile duara jeusi nililiona ni uchafu.

Wiki ile fulana za tembo zilikwisha dukani kwa Bwana Akbar. Wanawake wa Muyinga walizichukua, na zikawa vazi la mimba: mmoja akijifungua anaifua, anampa mwenzake. Wachuuzi wakazipeleka Buraza na Gitega. Waliomwita Mama Inda wakaendelea kumwita, ila sasa walilitamka upande ule mwingine, na ndagala wakanunuliwa. Mdogo wangu wa kiume akazaliwa mwezi uliofuata, na kwenye kliniki wakamkaribisha kwa jina la fulana.

Sabuni aliacha rap baadaye. Sasa ana duka la mabati na tumbo lake mwenyewe, na ameambiwa na vijana wasiojua kwamba fulana ile ni heshima yake kwa wamama. Angeweza kusema hapana. Amesema ndiyo, tena na machozi kidogo, wananiambia. Nimemweleza mama. Amecheka, akasema, "Mwache. Mimi nilimaliza naye siku ileile."

Mimi sijamaliza. Yeye alipata kiwanja na mimi nilipata pipa la maji.

Na kuna jambo ambalo sikulijua nikiwa nyuma ya pipa lile, ndilo linalonifanya nisimwachie Sabuni hata herufi moja. Nilipotoka shuleni nilipewa meza sokoni pembeni ya Mama Konsolata, na asubuhi moja ya mvua, tukingoja wateja, akanisimulia. Mwaka ule wa wimbo, mama alikuwa anakwenda kwake kila alfajiri kabla soko halijajaa. Hakwenda kulia. Alikwenda kuomba kufundishwa neno moja.

"Alikuwa anakosea kama wewe," Mama Konsolata akasema. "Kabisa kabisa. Mi nilishangaa, nikasema, kumbe katoto kalilitoa kwa mama yake."

Alimfundisha kwa methali, ile ya Kirundi isemayo *ijambo rigukunze rikuguma mu nda*, neno linalokupenda hubaki tumboni mwako. Na njia yake ya kufundisha ilikuwa hii: funga mdomo kwanza. Liimbe neno bila kulitamka, mm-mm, mm, mpaka koo lijue pa kupanda na pa kushuka. Koo likishajua, ndipo ufungue mdomo.

Mama hakuwa anaimba wimbo wa Sabuni. Alikuwa anasoma. Mwanamke mzima, mwenye mimba, anaosha vyombo na kujifunza upya jina la mahali mama yake alipombeba na mahali alipokuwa anambeba mdogo wangu, na mimi nimelala nimeziba masikio. Aliniambia ukweli: "Siimbi." Hakuongeza kwamba kosa lililofanya nichekwe mbele ya Gitega lilikuwa lake, nililirithi kwake kama pua. Neno hilo lilimpenda, likabaki ndani.

Methali ile ni nzuri, lakini haikunifaa mimi. Yangu yalibaki ndani kupita kiasi, na ona, mwenye mabati amekuja kuyavaa. Kwa hiyo nayatoa.

Sasa ombi langu. Wamama wa Muyinga, wa Buraza, wa Itaba, wa Gitega yenyewe, mliowahi kuvaa fulana ile pana mkiwa na mimba, niandikieni. Msiogope mwandiko wala lugha. Andikeni tu nani alikupa fulana, wewe ulimpa nani, na mtoto aliyekuwa chini ya herufi zile anaitwa nani. Pelekeni barua kwa mama yangu, soko la Muyinga, meza ya ndagala, kila mtu atawaonyesha. Siku watakayomvisha Sabuni taji nitakwenda Gitega nikiwa na barua zenu zote, na mdogo wangu ameahidi kunishika mkono mpaka jukwaani. Nitayasoma majina ya watoto, moja baada ya jingine, polepole, na Sabuni atakaa kwenye kiti chake mpaka la mwisho.